Simu Haipokelewi, Taa Haiwaki: Kutatua Matatizo ya Seva ya Ujumbe Iliyounganishwa na PBX

Ukiunganisha seva ya ujumbe (inayorekodi ujumbe wa sauti simu isipopokelewa) na PBX ya ofisi (mtambo unaounganisha simu za ndani na laini za nje), jiandae kwa pande mbili zinazorushiana lawama. Fundi wa simu anasema, "Kwangu simu inatoka." Mtu wa seva anasema, "Kwangu haijaingia." Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Simu imetoka, ila imebeba taarifa ambazo upande wa pili hauzielewi, au imebeba pungufu.

Majina ya menyu hutofautiana kati ya Asterisk, Avaya, Cisco Unity Connection na Microsoft Exchange. (Exchange ilileta huduma hii na toleo la 2007 na ikaiondoa kwenye toleo la 2019, lakini mitambo ya zamani bado iko kazini.) Kinachopita kwenye waya ni kilekile: SIP inaanzisha na kukata simu, RTP inabeba sauti. Kwa hiyo humu tutafuata dalili, tukiangalia kilichopita kwenye waya kabla ya kubonyeza chochote.

Piga simu tatu kwanza

Kila simu utakayopiga, andika saa hadi sekunde. Utaihitaji ukianza kusoma logi.

Ya kwanza, kutoka ekstensheni ya ndani, piga moja kwa moja nambari ya kuingilia ya seva ya ujumbe. Ya pili, kutoka ekstensheni hiyohiyo, mpigie mwenzako ambaye hatapokea, uache PBX iielekeze simu yenyewe. Ya tatu, mpigie mwenzako yuleyule kutoka nje, kwa simu ya mkononi.

Ya kwanza ikifeli, shida iko kwenye tranki (njia inayobeba simu kati ya mitambo miwili), poti (mlango wa mtandao) au cheti (kitambulisho cha kidijitali cha mtambo), na habari za kuelekeza simu hazikuhusu bado. Ikipita ya kwanza ikafeli ya pili, shida ni taarifa za uelekezaji. Zikipita mbili za mwanzo ikafeli ya tatu, angalia namna nambari ya mpigaji inavyoandikwa, kodeki (namna sauti inavyogeuzwa kuwa data) ya laini za nje, na kama PBX inaruhusu simu iliyoingia kwa tranki moja kutoka kwa tranki nyingine. PBX nyingi huizuia njia hiyo ili wezi wasiitumie kupiga simu za bure, na kama seva yako imeunganishwa kama tranki, inaangukia kwenye zuio hilohilo.

Sasa nasa pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita kwenye waya. Programu ya Wireshark inatosha; kwenye Linux, sngrep inakuchorea mazungumzo yote ya SIP mshale kwa mshale. Nasa upande wa seva na upande wa PBX au geitiwei (kifaa kinachounganisha laini za simu na mtandao wa SIP) kwa wakati mmoja ukiweza, kwa sababu pakiti iliyoondoka huku isipoonekana kule, umeshampata mshukiwa: kitu kilicho katikati. Hivi ndivyo ombi la simu iliyoelekezwa (INVITE) linavyotakiwa kufanana, nikiwa nimeacha mistari isiyotuhusu:

INVITE sip:5000@192.168.20.10;transport=tcp SIP/2.0
From: <sip:2130@192.168.20.5>;tag=8f21
To: <sip:5000@192.168.20.10>
Diversion: <sip:2145@192.168.20.5>;reason=no-answer
c=IN IP4 192.168.20.5
m=audio 18422 RTP/AVP 8 101
a=rtpmap:8 PCMA/8000
a=rtpmap:101 telephone-event/8000

Mwenye 2130 alimpigia mwenye 2145. Hakupokelewa, na PBX ikaipeleka simu kwenye 5000, nambari ya kuingilia ya seva. Sauti itumwe kwenye anwani 192.168.20.5, poti 18422, kwa kodeki ya G.711 A-law (hiyo 8), na tarakimu zinazobonyezwa zitakuja kama matukio yenye nambari ya aina 101. Karibu kila dalili iliyo hapa chini inatokana na mmoja kati ya mistari hii kukosekana au kuandikwa tofauti na ilivyotarajiwa.

Simu haifiki kabisa: kimya, au mlio wa laini haipatikani

Angalia kwanza jibu la SIP, ile nambari ya tarakimu tatu inayoonyesha ombi limeishia wapi. Kama hakuna jibu lolote na PBX inakata yenyewe kwa 408, ombi halikufika, au lilifika kwenye poti ambayo hakuna anayeisikiliza. SIP ya kawaida hutumia poti 5060, iliyofichwa kwa TLS (usimbaji fiche wa mawasiliano) hutumia 5061. Ila 5060 ya UDP na 5060 ya TCP (njia mbili za kusafirisha pakiti) ni milango miwili tofauti, na hapo ndipo wengi hujikwaa. PBX nyingi zikiachwa zilivyo hutuma kwa UDP. Exchange husikiliza TCP peke yake. Unaweza kuping seva ikajibu, ukafungua 5060 kwenye ngome ya mtandao (firewall), na bado ukasubiri hadi jioni. Badilisha aina ya usafirishaji kwenye tranki iwe TCP, kisha jaribu tena.

Jibu la 403 maana yake ombi limefika likakataliwa. Seva haimtambui aliyelituma. Seva hizi huwa na orodha ya geitiwei zinazoruhusiwa, na PBX yenye kadi mbili za mtandao inaweza kutuma kwa anwani ambayo hukuisajili. Soma anwani ya chanzo kwenye pakiti yenyewe, usiamini karatasi ya mradi. 404 ni suala la nambari: 5000 haijasajiliwa upande wa seva kama nambari ya kuingilia, au PBX imeongeza kiambishi cha kutokea nje, ikawa 95000. Jibu la 503 linatolewa na seva iliyo hai lakini haina huduma nyuma yake, hivyo angalia kama huduma yenyewe ya ujumbe imewaka.

Lipo jingine linalotesa watu wa Exchange 2013 na 2016, na linastahili aya yake. Huko, anayepokea kwenye 5060 si yule atakayeongea na mpigaji. Anajibu kwa 302, yaani "mtafute kwenye anwani ile", na simu inatakiwa kuhamia poti 5062, halafu 5065 au 5067 (ukitumia TLS ni 5061, 5063, 5066 na 5068). Geitiwei isiyojua kufuata 302 inakata papo hapo. Iliyo na akili ya kufuata inagonga ngome iliyofunguliwa 5060 tu. Baya zaidi ni hili: 5065 na 5067 hupokezana kila mchakato wa ndani unapoanzishwa upya, na seva hufanya hivyo yenyewe mara kwa mara. Ukifungua moja ukaacha nyingine, mfumo utafanya kazi vizuri siku kadhaa, kisha utakufa bila mtu kugusa kitu, halafu utafufuka wenyewe. Ukisikia mtu anasema "inakuja na kuondoka", muulize kuhusu poti hizo mbili kabla hujauliza lingine.

Seva inapokea, lakini inamwambia mpigaji aweke nambari ya siri

Dalili hii ndiyo inayoonekana zaidi, na ndiyo inayosomwa vibaya zaidi. Mteja anapiga ekstensheni ya Meneja wa Mauzo, haipokelewi, na badala ya kusikia salamu ya meneja anasikia sauti ya mashine ikimtaka aweke nambari ya kisanduku na nambari ya siri. Watu huanza kuhangaika na kisanduku cha meneja, wanakifuta, wanakitengeneza upya. Kisanduku hakina kosa. Seva haijui kwamba simu hii ilikuwa ya meneja. Kwa macho yake, kuna mtu amepiga 5000 moja kwa moja, na anayepiga 5000 moja kwa moja ni mwenye kisanduku anayetaka kusikiliza ujumbe wake.

Nenda kwenye INVITE utafute mstari wa Diversion au History-Info. Hizi ni njia mbili za kusema jambo moja. Diversion ilitumika miaka mingi kabla ya kuandikwa rasmi kama RFC 5806 mwaka 2010 (RFC ni hati za kiufundi za intaneti). History-Info ilianza na RFC 4244 ya mwaka 2005, ikarekebishwa na RFC 7044 mwaka 2014. PBX yako inaweza kutuma moja na seva yako ikasoma nyingine. Kwenye PBX nyingi kuna kisanduku cha tiki, kwenye mipangilio ya tranki, cha kutuma taarifa za uelekezaji, na mara nyingi kinakuja kikiwa hakijatikiwa. Katikati kukiwa na kifaa cha mpakani kinachosafisha SIP, angalia kama hakiufuti mstari huo kwa kudhani kinaficha siri za ndani.

Mstari ukiwepo na tatizo likaendelea, hesabu tarakimu. Hili nalisisitiza kwa sababu macho ya binadamu huona 2145 na +255222002145 kama kitu kimoja, seva haioni hivyo. Mpango wa nambari uliowekwa tarakimu nne hautalinganisha nambari yenye kumi na mbili, na mpango unaotarajia E.164 (alama ya kujumlisha, kisha tarakimu zisizozidi 15) hautaitambua 2145. Amua sehemu moja ya kubadilisha: ama PBX ikate tarakimu za mbele kabla ya kutuma, ama seva iwe na nambari zote mbili kwenye kisanduku. Mimi huchagua PBX au geitiwei. Kubadilisha kanuni moja kwenye tranki ni kazi ya mara moja. Kuongeza nambari ya pili kwenye kila kisanduku ni kazi utakayoisahau siku mfanyakazi mpya akiajiriwa.

Dalili pacha yake ni mwenye kisanduku anayepiga 5000 kutoka mezani kwake, akaombwa ataje ekstensheni yake kwanza badala ya nambari ya siri moja kwa moja. Hapo mstari wa kuangaliwa ni From. Kama PBX inatuma nambari kuu ya ofisi kwa simu zote zinazotoka, seva haina namna ya kujua ni nani anapiga. Kanuni ya kuficha ekstensheni nyuma ya nambari kuu inafaa kwa tranki ya kwenda nje. Kwa tranki ya kwenda kwenye seva, iondoe.

Kuna pia simu zinazoelekezwa mara mbili: ya meneja inaenda kwa katibu, ya katibu inaenda kwenye seva. Ujumbe uingie kwa nani? INVITE itakuwa na mistari miwili ya Diversion, wa juu ukiwa wa aliyeelekeza mwisho. Seva nyingine huchukua wa kwanza, nyingine wa mwisho, na nyingine hukuachia uchague. Huu si ubovu, ni uamuzi wa ofisi. Waulize wenyewe kabla hujapanga.

Simu inakatika kila mara baada ya muda uleule

Chukua saa upime. Ikikatika kwenye sekunde 32, una bahati, maana chanzo kinajulikana. Seva imepokea simu ikatuma 200 OK ("nimepokea"), na inasubiri ACK ("nimekusikia") kutoka upande wa pili. ACK haifiki. Seva inarudia 200 OK tena na tena hadi muda uliowekwa na RFC 3261 uishe, ambao ni mara 64 ya nusu sekunde, yaani 32, kisha inakata. Wakati wote huo sauti ilikuwa inapita vizuri, ndiyo maana hakuna anayefikiria SIP.

Fungua 200 OK usome mstari wa Contact. ACK hutumwa kwenye anwani iliyoandikwa humo. Ukikuta jina la seva ambalo PBX haiwezi kulitafsiri kuwa anwani kwa DNS, au anwani ya ndani isiyofikika kutoka mtandao wa simu, umemaliza. Sahihisha DNS au anwani inayotangazwa na seva. Na kama kuna ruta katikati yenye kile kipengele cha "kusaidia SIP", kizime. Nimewahi kuona kipengele hicho kikisaidia, ila si mara nyingi kiasi cha kukiachia nafasi.

Ikikatika mara tu baada ya kupokelewa, au isipokelewe kabisa kwa jibu la 488, pande mbili hazijakubaliana kuhusu sauti. Tazama mstari wa m=audio. Tranki inayotoa G.729 peke yake (nambari 18) haitaelewana na Exchange, ambayo haiijui. Weka G.711 iwe ya kwanza kwenye orodha ya tranki ya kwenda kwenye seva, hata kama laini zako nyingine zinabana kipimo data. Ukikuta RTP/SAVP upande mmoja na RTP/AVP upande mwingine, mmoja anataka sauti iliyofichwa na mwingine anataka ya wazi. Hawatakutana hadi uwachagulie.

Sauti ya upande mmoja

Salamu inasikika lakini ujumbe unarekodiwa mtupu, au kinyume chake. Linganisha anwani kwenye mstari wa c= na mahali RTP inapoelekea kweli. Anwani ya mtandao wa ndani iliyotangazwa kwa mtu aliye nje ya mtandao huo haifikiki, na sauti inaishia njiani. Sababu ya pili ni ngome: ilifunguliwa kwa SIP ikasahaulika kwa RTP, ambayo hutumia maelfu ya poti za UDP zinazochaguliwa kila simu. Soma masafa ya poti kwenye mipangilio ya pande zote mbili, ufungue hayo, si zaidi.

Ujumbe unaokatwa katikati ya maneno una chanzo chake tofauti. Geitiwei nyingi huacha kutuma pakiti mtu anaponyamaza, ili kuokoa kipimo data. Seva haipokei kitu, inahesabu ukimya, inaamua mpigaji ameondoka. Mtu anayeongea polepole ndiye anayeathirika. Zima ukandamizaji wa ukimya kwenye tranki hiyo.

Nambari ya siri inakataliwa ingawa ni sahihi

Kabla ya lolote, hakikisha kisanduku hakijafungwa kwa kukosea mara nyingi, maana utajaribu suluhisho sahihi na bado likakataa.

Tarakimu husafiri kwa njia tatu: kama mlio ndani ya sauti yenyewe, kama matukio ya RTP (RFC 2833 ya mwaka 2000, iliyorithiwa na RFC 4733 mwaka 2006), au ndani ya ujumbe wa SIP INFO. Seva nyingi za ujumbe hutaka ile ya pili. Kama a=rtpmap ya telephone-event haipo upande mmoja, tarakimu zinaenda kama mlio, na kodeki inayobana sana inauharibu mlio huo hadi seva isiutambue. Nambari ya aina nayo iwe moja pande zote, mara nyingi 101.

Tatizo la kuchekesha kidogo ni tarakimu kuongezeka. Geitiwei inatuma tukio la RTP na wakati huohuo inaacha mlio upite kwenye sauti, na seva inahesabu vyote viwili. Mtumiaji anabonyeza 4071, seva inasikia 44007711. Ukiona hivyo kwenye logi, tafuta mpangilio wa kuzima mlio ndani ya sauti pale matukio yanapotumika.

Taa ya ujumbe haiwaki, au imewaka na haizimiki

Taa hiyo ya kwenye simu ya mezani haihusiani na njia ambayo simu iliingilia. Ni safari ya kurudi: seva inaiambia PBX kwamba ekstensheni fulani ina ujumbe mpya. Kwa hiyo simu zinaweza kuingia vizuri mwaka mzima na taa isiwake hata mara moja. Kwenye Exchange, uwezo huu haukuwemo toleo la 2007. Ulikuja na 2010.

Kwenye SIP taarifa hiyo ni NOTIFY yenye mstari Messages-Waiting: yes. Nasa pakiti, acha ujumbe, uangalie. Kama NOTIFY haitoki, washa kipengele hicho upande wa seva, kwenye kisanduku na kwenye geitiwei pia. Mara nyingi viko sehemu mbili tofauti. Inapotoka ikajibiwa 481, PBX inasema haikujiandikisha kupata taarifa hizi, na haipokei zisizoombwa. Tafuta kwenye PBX ruhusa ya kupokea NOTIFY bila usajili. Ikijibiwa 200 na taa bado imelala, angalia ekstensheni iliyotajwa ndani: ni yaleyale ya tarakimu nne na kumi na mbili, safari hii yakielekea upande wa pili.

PBX za zamani huwasha taa kwa msimbo: seva inapiga msimbo wa kuwasha ikifuatiwa na ekstensheni, na msimbo mwingine wa kuzima. Taa isiyozimika hapa kwa kawaida ni simu ya kuzima iliyokosa njia kwa sababu laini zote zilikuwa na shughuli. Izime kwa mkono, kisha soma sehemu inayofuata.

Asubuhi yenye shughuli, laini zote zimejaa

Hesabu chaneli kabla ya kulaumu leseni. E1 (laini ya kidijitali inayobeba simu nyingi kwa pamoja) ina nafasi 32, lakini moja ni ya kulinganisha mapigo na moja ni ya ishara, zinabaki 30 za sauti. T1 ya PRI (laini nyingine ya aina hiyo) ina 23. Mpokezi wa kiotomatiki anapomhamisha mteja kwenda kwa mtu, bila PBX kujua kuifupisha njia, simu inaingia kwa chaneli moja na kurudi kwa nyingine, na zote mbili zinabaki zimeshikwa hadi mazungumzo yaishe. Mazungumzo kumi na tano tu yanajaza E1 nzima. Tiba yake kwenye QSIG (lugha ya ishara kati ya PBX) ni kubadilisha njia, na kwenye SIP ni kuhamisha kwa REFER. Jaribu kuhamisha simu moja, kisha angalia kwenye PBX chaneli ngapi zimebaki zimeshikwa.

Laini za analogi zina ugonjwa wake: simu imeisha lakini poti haiachii. Sikiliza rekodi za ujumbe. Zikiishia na mlio wa laini kuwa na shughuli kwa sekunde nyingi, PBX haitumi ishara ya kukata kwa umeme, na geitiwei haiutambui mlio. Milio hutofautiana kati ya nchi: Marekani mlio wa shughuli ni 480 na 620 Hz kwa pamoja, nchi nyingi za Ulaya ni 425 Hz. Geitiwei iliyoachwa na mipangilio ya Marekani ikifungwa kwenye PBX ya Ulaya itaendelea kurekodi mlio ikidhani ni mtu anaongea. Chagua nchi sahihi, au rekodi mlio huo na uingize namba zake mwenyewe.

TLS ilikuwa inafanya kazi jana

Tazama tarehe. Cheti kimeisha, au kimefanywa upya na huduma bado inashikilia cha zamani hadi iwashwe tena. Au saa ya geitiwei imerudi miaka mingi nyuma baada ya umeme kukatika, na kwa hesabu yake cheti chako bado hakijaanza kutumika. Iunganishe na seva ya NTP, inayosahihisha saa kupitia mtandao. Kama TLS haijawahi kufanya kazi hata mara moja, chunguza jina. Cheti kimetolewa kwa jina kamili la seva, lakini tranki imeelekezwa kwa anwani ya IP, na hayo mawili hayalingani. Kumbuka pia kwamba uthibitisho ni wa pande mbili: geitiwei inatakiwa kuiamini mamlaka iliyotoa cheti cha seva, na seva kuiamini iliyotoa cha geitiwei.

Usijaribu TLS siku ya kwanza ya kuunganisha. Pata simu ya wazi kwanza, kisha ongeza ulinzi, ili ujue kilichovunjika ni kipi.

Ujumbe umerekodiwa lakini haujafika kwenye barua pepe

Hapa PBX imemaliza kazi yake, na fundi wa simu anaweza kwenda nyumbani. Angalia foleni ya barua kwenye seva, kisanduku kilichojaa, na ukubwa unaoruhusiwa. Sauti ya WAV isiyobanwa, sampuli 8000 kwa sekunde za biti 16, inakula takriban KB 960 kwa dakika, na ikifungwa kwa ajili ya barua pepe inaongezeka kwa theluthi moja. Ujumbe wa dakika kumi unakaribia MB 13. Kama kikomo cha barua ni MB 10, jumbe fupi zote zitafika na zile ndefu zitapotea, na mtumiaji atakuapia kwamba mfumo unachagua wateja. Badilisha muundo wa kurekodi uwe wa kubana, au punguza urefu wa juu wa ujumbe mmoja. Jumbe zilizokwama tayari kwenye foleni hazitapungua ukubwa kwa mpangilio mpya, hivyo pandisha kikomo cha barua kwa muda zitoke, kisha kirudishe.